Dawa za presha: "jeni za Mwafrika" ni jeni zipi?

Kaunta ya Ngara
Habari wadau. Miongozo inasema Mwafrika mwenye presha aanze na amlodipini au dawa ya kutoa maji, si enalaprili peke yake. Mgonjwa akiuliza mbona jirani yake Mhindi kaandikiwa enalaprili, anajibiwa "ni jeni". Jeni zipi hasa? Na Mjaluo, Msomali na Mwafrika wa Marekani tunawatia kapu moja kwa msingi gani?

Tabibu wa Figo
Anza na figo. Ikishika chumvi, maji nayo hubaki, mishipa hujaa, na figo hupunguza kutoa renini, kimeng'enya kinachoanzisha njia ya kubana mishipa na kupandisha presha. Hali hiyo huonekana zaidi kwa watu wa asili ya Kiafrika, lakini huo ni wastani tu. Enalaprili huziba njia hiyo inayoanzia kwenye renini. Renini ikiwa kidogo, haina kikubwa cha kuziba. Amlodipini hulegeza mshipa wenyewe.

Ila tafadhali msimwambie mtu kwamba "haifanyi kazi kwa Mwafrika". Jaribio la CREOLE la 2019 lilikuwa na wagonjwa 728 kutoka nchi sita, Kenya ikiwemo. Amlodipini na haidroklorothiazaidi (dawa ya kutoa maji), au amlodipini na perindoprili (ndugu ya enalaprili), zilishusha presha karibu sawa. Zote mbili zilipita perindoprili na haidroklorothiazaidi kwa kama milimita 3 za zebaki. Na mwenye kisukari akiwa na protini kwenye mkojo, enalaprili au losatani (nayo huziba njia hiyo hiyo) inamhusu, awe wa asili yoyote. Uliza kwanza kuhusu ujauzito, maana dawa hizi hazifai kwa mjamzito. Kwa enalaprili, mweleze pia kwamba midomo au ulimi ukivimba aache dawa na akimbilie hospitali. Uvimbe huo huwapata watu wa asili ya Kiafrika mara nyingi zaidi.

Msoma Vinasaba
Presha ya kawaida haina jeni moja. Utafiti wa 2018 wa zaidi ya watu milioni 1 wa asili ya Ulaya uliongeza maeneo 535 mapya ya vinasaba yanayohusiana na presha, na kila moja husogeza presha kidogo mno. Hesabu ya hatari iliyotengenezwa kwa Wazungu hupungua nguvu kwa Waafrika, kwa sababu alama ya kijeni inayorithiwa pamoja na badiliko lenyewe linalogusa presha kwa Wazungu si lazima irithiwe nalo kwa Waafrika.

Kapu hilo moja linapasuka ukitazama jeni ya APOL1. Aina zake G1 na G2 zimeenea Afrika Magharibi kwa kuwa husaidia kupambana na vimelea vya malale. Ukirithi nakala mbili, moja kwa kila mzazi, hatari ya ugonjwa wa figo hupanda, na figo ikiharibika presha hufuata. Kama asilimia 13 ya Waafrika wa Marekani wana nakala mbili. Kwa Waethiopia waliopimwa hazikuonekana.

Muuguzi wa Kayole
Na Nairobi je? Utafiti wa Wajaluo waliohamia hapa kutoka magharibi mwa Kenya, uliochapishwa 1990, ulikuta presha imepanda ndani ya miezi michache. Mkojo ulionyesha sodiamu imeongezeka na potasiamu imepungua. Jeni walikuja nazo zile zile.

Kabla ya kulaumu ukoo, pimeni sawasawa: dakika 5 za kukaa kimya, mgongo umeegemea, nyayo sakafuni, mkono usawa wa moyo, mkanda juu ya ngozi na si juu ya sweta. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma juu kuliko ukweli.

Kaunta ya Ngara
Asanteni. Na kijana wa miaka 22, 170/110, potasiamu ya damu 2.9 (iko chini), baba na shangazi wote wana presha?

Tabibu wa Figo
Huyo ndiye wa kutafutiwa jeni moja. Hakikisha kwanza hatumii dawa ya kutoa maji, maana nayo hushusha potasiamu. Kisha apimwe renini na aldosteroni (homoni inayoifanya figo ishike chumvi) kwa pamoja. Renini chini na aldosteroni juu, tezi za adrenali, zinazotoa aldosteroni juu ya figo, zichunguzwe. Zote chini, fikiria ugonjwa wa Liddle: mlango wa sodiamu kwenye figo umebaki wazi. Hapo spironolaktoni, dawa inayozuia aldosteroni, haisaidii. Amiloridi ndiyo huziba mlango wenyewe. Ugonjwa ukithibitika, ndugu zake wa damu wapimwe pia.