Mwanangu wa darasa la tatu hajui kusoma, naomba ushauri wa shule ya bweni

Mama Wawili, saa 1:12 usiku
Habari za jioni wanajamvi. Nina mtoto wa kiume, miaka tisa, yuko darasa la tatu shule ya serikali huku Morogoro vijijini. Hajui kusoma. Mjinga si mjinga. Hesabu za kichwa anamshinda dada yake wa la tano, na ukimtuma dukani vitu vinne na elfu kumi mkononi anarudi na vyote na chenji kamili. Ila mpe kitabu uone: viganja vinatoka jasho mpaka ukurasa unalowa.

Juzi nilimwambia anisomee hadithi. Akasoma bila kukwama, nikafurahi. Nikakifunika kitabu kwa mkono, akaendelea kusoma. Kumbe ameikariri yote kwa kumsikiliza dada yake.

Mwakani ni la nne, kuna upimaji wa kitaifa, na asiyefaulu anarudia darasa. Nataka kumpeleka bweni. Naombeni mnitajie shule za bweni zenye walimu makini wa KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu), ada isizidi milioni moja na nusu kwa mwaka. Baba yake ni dereva wa malori, yuko safarini muda mwingi. Matusi hapana, nina mawazo ya kutosha.

Kitunguu Swaumu, saa 1:30 usiku
Pole mama. Dawa ya kwanza mnyang'anye simu. Ya pili, dagaa na mayai kila siku. Wangu alibadilika ndani ya mwezi mmoja.

Mzee wa Reli, saa 1:41 usiku
Sisi tulisomea chini ya mwembe, kalamu moja watu wawili, na tulijua kusoma. Kwa nini? Fimbo. Watoto wa siku hizi mmewadekeza, halafu mnawatafutia bweni.

Dada wa Likoni, saa 1:58 usiku
Mzee wangu, shikamoo. Wale waliochapwa na bado wakashindwa hukuwaona tena kwa sababu walitoka shule. Kakangu ni mmoja wao. Alikula fimbo za kusoma hadi darasa la tano akaacha. Leo ana karakana ya kuchomelea huku kwetu Mombasa, geti la mita nne hulipima kwa jicho likaingia sawasawa. Lakini risiti zote huandikiwa na mkewe. Akipewa fomu benki hujipapasa mifuko, aseme miwani kaisahau nyumbani. Kakangu hajapata kuvaa miwani maishani mwake.

Mamake mtoto, huku Kenya tuna vituo vya kuwapima watoto kama hawa tangu 1984. Huko kwenu sijui utaratibu, ila fimbo si kipimo.

Mwl. wa Silabi, saa 2:20 usiku
Mama Wawili, mimi ni mwalimu, nilisomea elimu maalum chuo cha ualimu Patandi. Kabla ya shule ya bweni nijibu haya. Amewahi kupimwa macho na masikio? Anachanganya herufi zipi? Na upimaji wa KKK darasa la pili alipata ngapi? Mtoto asiyejua silabi huwa anaonekana pale.

Halafu fahamu kwamba mwaka 2023 serikali ilizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Anayekuambia atampokea wa la tatu, muulize kibali.

Mama Wawili, saa 2:34 usiku
Asante mwalimu. Macho anaona mpaka sindano. Alama zake za la pili zilikuwa nzuri. Naomba tubaki kwenye swali la shule.

Mwl. wa Silabi, saa 2:37 usiku
Nzuri kivipi, na hajui kusoma? Nani alimpima?

Kijana wa Gairo, saa 3:05 usiku
Mimi nauza vishikwambi vyenye programu za kusomea, karibu inbox.

Mzee wa Reli, saa 3:15 usiku
Narudia, fimbo. Na sheria inaruhusu.

Mwl. wa Silabi, saa 3:22 usiku
Mzee, kanuni za viboko shuleni za 1979 zilirekebishwa 2002: visizidi viboko vinne, kwa ruhusa ya mkuu wa shule, na kwa kosa zito. Kushindwa kusoma neno siyo kosa zito. Mama Wawili, bado nasubiri.

Mama Wawili, saa 5:48 usiku
Nimempima mimi.

Mimi ni mwalimu wa la kwanza na la pili, shule hiyohiyo. Silabi nimemfundisha mwenyewe, yeye na wenzake tisini na sita. Siku ya upimaji alikaa mbele yangu kama wengine. Nikamwonyesha kadi, hakuitazama. Akanitazama mimi mdomoni. Nikatamka "mbwa" bila kutoa sauti. Akasema "mbwa". Nikamwekea vema. Tukaenda hivyo mpaka kadi ya mwisho.

Na darasani nimeshamchapa mbele ya wenzake, ili isisemwe nampendelea.

Sasa mnajua. Ndiyo maana nataka aende mbali, kwa mwalimu asiye mama yake. Kuna shule nimeshaongea nao. Watoto wa la tatu hawalali shuleni, kuna nyumba jirani na geti wanalala na mama mmoja mcha Mungu sana, kwa hiyo siyo bweni hasa. Nimeshalipa laki tatu ya kushika nafasi. Sanduku na godoro nimenunua, viko kwa jirani, mtoto hajaambiwa. Sioni kosa langu liko wapi. Kila mzazi anatafuta penye nafuu.

Nahodha Mstaafu, saa 5:59 usiku
Hii chai wakuu. Tena ina tangawizi. Mwalimu wa darasa la kwanza, mwanawe hajui kusoma, miaka miwili hajaona? Ana watoto 97 darasani na anakumbuka silabi moja na mdomo ulivyokaa? Hadithi imepangwa hii, mwalimu kafichwa mpaka katikati ili tushtuke. Wiki mbili zilizopita tulililia uzi wa mtoto mgonjwa, mwisho ikaja namba ya M-Pesa. Nasubiri namba.

Kitunguu Swaumu, saa 6:03 usiku
Kweli, hata mimi nilishtuka. Kwanza alisema shule ya serikali kana kwamba haijui.

Dada wa Likoni, saa 6:10 usiku
Nyie, hata kama ni hadithi, mtoto asiyejua kusoma yuko katika nyumba nyingi. Mwacheni mtu aseme.

Nahodha Mstaafu, saa 6:14 usiku
Anayesema ukweli hapotezi kitu akithibitisha.

Mwl. wa Silabi, saa 6:31 usiku
Mimi siamini wala sikatai, ila najua namna ya kujua. Mama Wawili, kesho akitoka shule na akiwa ameshakula, msomee maneno haya ayaandike: mama, dada, tatu, debe, mbwa, ng'ombe, ndizi, kanzu, shule, chungwa. Usimsahihishe. Leta hapa alivyoandika, herufi kwa herufi. Mtu wa kutunga ataweka makosa ovyoovyo. Mtoto halisi hukosea kwa mpango.

Mama Wawili, siku ya pili, saa 12:40 jioni
Nimemweka akae amenipa mgongo, asione mdomo wangu. Ameandika hivi, kwa mpangilio uleule:

mama, baba, tatu, bebe, bwa, gobe, bizi, kazu, sule, chuga.

Imemchukua dakika kumi na nane. "Dada" alilifuta mara mbili na mara zote akarudisha "baba". Alipomaliza akaniuliza amepata ngapi. Nikamwambia hii haina alama. Akauliza tena, "Hata mbili?"

Nahodha, namba ya M-Pesa sina ya kukupa.

Mwl. wa Silabi, saa 1:15 usiku
Tazameni. Kila d imekuwa b. Kila penye sauti ya puani kabla ya konsonanti, ameiacha: mbwa, ng'ombe, ndizi, kanzu, chungwa. Sikio lake halizitenganishi sauti hizo, au jicho halizishiki herufi, au vyote. Huu siyo uvivu. Kwa maneno kumi siwezi kusema ni disleksia, yaani ule ugumu wa kusoma na kuandika usiotokana na ujinga, na yeyote atakayekuambia hivyo kwa simu usimwamini. Ila mpangilio wa makosa haya unafanana nayo.

Mama, Kiswahili tunakiandika kinavyotamkwa, kwa hiyo watoto wa namna hii wengi wanafika ma, ta, ka, wanakariri yanayobaki, na mwalimu mwenye watoto mia anapitwa. Ulipitwa kama mwalimu yeyote. Ile ya kumtamkia sikutetei, na wewe hujaja hapa nikutetee.

Anza na hospitali ya rufaa ya mkoa, macho na masikio, hata kama anaona sindano. Kisha nenda kwa afisa elimu maalum wa halmashauri yako, umwambie unataka mtoto apimwe. Uende na karatasi hiyo ya maneno kumi. Baraza la Mitihani lina utaratibu wa kumwongezea muda mtahiniwa mwenye mahitaji maalum, lakini shule ipeleke taarifa mapema, siyo wiki ya mtihani.

Nyumbani dakika kumi kwa siku, zisizidi. Wiki ya kwanza b peke yake. D usiiguse kabisa, kwa sababu ukizifundisha pamoja ndipo zinapogongana. Mwaga unga kwenye sinia, aichore b kwa kidole huku akiitamka, aitafute kwenye mfuko wa sukari, kwenye kanga yako, popote. Sauti za puani mwambie aguse pua anapozisema, m-bwa, n-dizi, asikie pua inavyotetemeka. Hadithi msomee wewe au dada yake, asikose hadithi kwa sababu hajui kusoma. Na mwalimu wake wa la tatu mwombe asimsimamishe kusoma mbele ya darasa.

Mzee wa Reli, saa 1:40 usiku
Sasa dakika kumi za unga ndiyo elimu?

Nahodha Mstaafu, saa 2:02 usiku
Mama Wawili, neno langu la chai naliondoa. Wangu yuko la pili. Nimemsomea yale maneno sasa hivi. Ameandika bizi na gobe. Mwalimu wa Silabi, naomba nikuone pembeni.

Kitunguu Swaumu, saa 2:20 usiku
Na ile laki tatu, mleta uzi?

Mama Wawili, saa 2:51 usiku
Nimewapigia leo mchana. Risiti imeandikwa hairudishwi, ila wamesema nifike mwenyewe ofisini. Nitaenda Jumatatu nikitoka kipindi cha mwisho. Godoro nimelitoa kwa jirani, mwanangu amelala juu yake sasa hivi, anadhani ni zawadi ya kuandika maneno kumi.