Passau mpaka Vienna kwa baiskeli na watoto wa miaka 6 na 3, siku saba zinatosha?

mama_wawili

Wakuu habari zenu, naomba ushauri kabla sijagombana na mume wangu. Likizo ya mwaka huu tumekubaliana iwe ya baiskeli huko Ulaya, tumechoka kupanda basi la watalii na kushuka kupiga picha. Sasa mwenzangu kashakaa na ramani, kaamua tufuate mto Danube kutoka Passau, Ujerumani, mpaka Vienna, Austria. Ni kilomita 300 na ushee, anasema siku saba zinatosha kabisa, eti 45 kwa siku si kitu. Mkubwa ana miaka 6 na anaendesha mwenyewe, mdogo ana 3 huyo atavutwa kwenye tela. Mimi baiskeli naijua ila si mtu wa mazoezi. Kinachonitisha si umbali peke yake, naona tutakuwa tunavipita tu vitu vizuri kwa sababu tunawahi hoteli. Aliyewahi kufanya hii na watoto aniambie ukweli, msinipambe.

polepole_tu

Dada, njia shemeji kachagua vizuri, hesabu ndo kakosea. Sisi tulipita hapo hapo na mtoto wa miaka 7 na mwingine wa miwili na nusu. Barabara karibu yote ni lami, tambarare, unashuka na mto na upepo mara nyingi unatoka magharibi kwa hiyo unakusukuma mgongoni, ndo maana watu wengi wanaanzia Passau na si Vienna. Lakini baiskeli ya mtoto ina magurudumu madogo, wewe ukizungusha pedali mara moja yeye ashazungusha karibu mara mbili. Siku ya kwanza tulipiga 42 tukajiona mashujaa. Siku ya pili, saa nne asubuhi, mkubwa wangu akashuka, akailaza baiskeli kwenye majani pembeni ya shamba la mahindi, akajilaza na yeye na helmeti yake kichwani, akasema yeye anabaki kuishi hapo. Tulikaa saa nzima tunabembeleza.

Baada ya hapo tukaweka kikomo cha kilomita 25, afu mchana ni kucheza. Na tukaacha kung'ang'ania njia nzima, kipande cha Linz mpaka Melk tukapanda treni wala hakuna aliyetunyang'anya medali.

Muda tuliookoa tukaumalizia bonde la Wachau, yaani Melk mpaka Krems. Ni kama kilomita 36, kuna watu wanaimaliza asubuhi moja, sisi tulitumia siku tatu na ningeongeza ya nne. Pale Dürnstein juu ya kilima kuna magofu ya ngome ambapo mfalme Richard wa Uingereza, yule wa Moyo wa Simba, alifungwa mwaka 1192 akitokea vitani. Mmefunga baiskeli chini, mnapanda kwa miguu, na mtoto aliyekuwa anasema amechoka kufa anakimbia kuliko wewe sababu kaambiwa kuna jela ya mfalme. Willendorf iko njia hiyo hiyo, ndo kilipochimbwa kile kisanamu cha kale cha mwanamke mnene mwaka 1908, hakizidi sana sentimita 11. Chenyewe kiko makumbusho Vienna, kwa hiyo mwambie mtoto mnakitafuta, atakuwa na hamu mpaka mwisho wa safari.

Na pale Schlögen mto unapojipinda mpaka unarudi ulikotoka, panda kile kivuko kidogo cha watu na baiskeli. Watoto wangu mpaka leo wanakiongelea kuliko Vienna nzima, na Vienna tuliwapeleka kwenye lile gurudumu kubwa la kubembea watu kwenye bustani ya Prater, la tangu 1897!

fundi_pancha

Mimi nina la tela tu. Mama, kabla hujalipia, uliza kiungio cha tela kinafungwa wapi na kama kinaendana na ekseli ya nyuma ya baiskeli unayopewa. Sisi duka moja lilitupa tela nzuri mpyaaa na baiskeli ambayo kiungio hakiingii, nusu siku imeondoka tunazunguka kutafuta ekseli ndefu.

La pili, Austria mtoto chini ya miaka 12 lazima avae helmeti, na aliyekaa ndani ya tela naye anahesabika. Sasa helmeti nyuma imenenepa, mtoto akisinzia inamsukuma kichwa kinainama mpaka kidevu kinagusa kifua, unaona kabisa shingo inaumia. Mkunjie sweta umuwekee nyuma ya mgongo, chini ya usawa wa helmeti, kichwa kinapata pa kuegemea. Na wavu wa mbele ufunge hata kama kuna joto, gurudumu lako la nyuma linarusha vijiwe na matope moja kwa moja usoni kwake, mi nilikuja kugundua baada ya kusikia kilio.

Kwenye treni hakikisha mapema. Za masafa marefu baiskeli inataka booking, na tela usipoikunja hawakuelewi.

upepo_wa_mbele

Nyie wote Danube Danube. Na mtoto wa miaka 6 mi ningeenda Uholanzi, nalala mji mmoja siku zote, natoka asubuhi narudi jioni, hakuna kufungasha mizigo kila siku. Kule njia za baiskeli zina vibao vya namba kwenye kila makutano, unaandika namba zako kwenye karatasi unabandika kwenye usukani, na mtoto ndo anakuwa kiongozi wa msafara, "baba natafuta 34!" Kinderdijk kuna vinu vya upepo 19, unafika na boti kutoka Rotterdam na baiskeli zinapanda.

Ila msidanganywe na neno tambarare. Upepo ukikukalia mbele ni sawa na mlima usioisha. Afu baiskeli nyingi za kukodi kule breki ni ya kurudisha pedali nyuma, mwanangu kazoea za mkono, alikuwa anaminya hewa huku anaelekea kwenye mfereji. Mpe nusu saa uwanjani kwanza. Na mijini wenyeji wanakimbia kweli, mtoto akiyumba anapigiwa kengele mpaka ananuna.

polepole_tu

Hahaha kuminya hewa! Hoja ya kulala sehemu moja naikubali. Ila ya mto inashinda kwa kitu kimoja, mtoto hakuulizi tunaenda wapi, anaona maji yanakoenda.

mama_wawili

Jamani asanteni sana, nimecheka na lile la kuhamia shamba la mahindi, nimemsomea mwenzangu kwa sauti kakaa kimya dakika nzima. Tumefikia hapa: Passau mpaka Linz taratibu, treni mpaka Melk, afu siku nne Wachau na tatu Vienna. Naona na wiki imeshavuka, ruhusa ataenda kuomba mwenyewe. Swali la mwisho, viza tuombe ya Ujerumani kwa kuwa ndo tunaanzia, au?

polepole_tu

Hapana, mnaomba ya nchi mtakayokaa siku nyingi, na kwa mpango huo ni Austria, Passau mtalala usiku mmoja au miwili tu. Ada ni euro 90 mtu mzima, mkubwa wenu euro 45, wa miaka 3 halipi. Na bima ya matibabu ya safari iwe ya kuanzia euro 30,000, wanne wote. Msisubiri, maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari.

fundi_pancha

Na Jumapili maduka mengi yamefungwa, kote Ujerumani na Austria. Nunua vya njiani Jumamosi, mtoto wa miaka 3 hajui habari za Jumapili.

mama_wawili

Hiyo ya Jumapili nimeiandika kwa kalamu nyekundu. Huyu wangu akikosa ndizi ya saa nne, tela yote inatikisika.