FFT inanipa 39,240 kwenye hezi sifuri, nakosea wapi?

pangaboi
Wakuu habari zenu. Nina feni kubwa ya panga nne, imefungwa moja kwa moja kwenye mota, inazunguka mara 1,480 kwa dakika, umeme wake hezi 50 (mara 50 kwa sekunde). Nimebandika sensa ya mtetemo juu ya beringi nikachukua sampuli 2,000 kwa sekunde kwa sekunde mbili, yaani faili lina namba 4,000. Ukiichora kwa muda ni fujo tupu, ndo nikaipitisha kwenye FFT ya Python, ile hesabu inayotenganisha mtetemo mchanganyiko, nipate masafa, yaani unatetemeka mara ngapi kwa sekunde. Sasa hapo ndo nimechanganyikiwa, kwenye sifuri kuna mnara wa 39,240, vingine vyote vimelala kama nyasi, halafu upande wa kulia grafu inajirudia kama kwenye kioo. Nimeandika skripti upya mara tatu, wapi. Sensa imekufa au mimi ndo sijui?

waya_mwekundu
Sensa nzima kabisa mkuu. Hiyo 39,240 hebu gawa kwa 4,000. Umepata 9.81 eeh? Hayo ni mvutano wa dunia 😂 sensa yako imesimama wima kwa hiyo inapima na graviti, na FFT yenyewe inajumlisha tu haigawi. Tafuta wastani wa namba zote, utoe kwenye kila namba kabla ya FFT, mnara unaondoka. Baada ya hapo matokeo gawa kwa 4,000 zidisha kwa 2, maana nusu ya kimo cha kila kilele imekaa upande wa kioo. Kuanzia hezi 1,000 kwenda mbele tupa, kivuli tu hicho.

Kingine, grafu yako inapiga hatua za nusu hezi (2,000 gawa kwa 4,000) ila mzunguko wako ni 24.67, unaangukia kati ya 24.5 na 25, hivyo kilele kinamwagikia majirani. Zidisha data kwa dirisha la Hann kwanza (namba zinazofifisha data taratibu mwanzoni na mwishoni), ila linapunguza kimo kwa nusu kwa hiyo mwishoni zidisha tena kwa 2, hapa ndo wengi wanapigwa.

pangaboi
Aisee 9.81 kweli, nimecheka peke yangu. Sasa 24.67 inaonekana safi, kama 0.5 mita kwa sekunde mraba. Ila kuna kilele kinene karibu na 100, na panga nne mara 24.67 ni 98.67, umeme nao unatetemesha mota kwa 100, mara mbili ya 50. Najuaje ni kipi? Nimejaza sifuri mwisho wa faili mpaka namba 40,000, kimekuwa laini tu lakini ni kilekile kimoja.

mzee_wa_beringi
Kujaza sifuri ni kukuza picha yenye ukungu kijana wangu, ukungu unakua nao. Kati ya 98.67 na 100 kuna 1.33 tu, na Hann inatandaza kila kilele upana wa hatua nne, kwako ni hezi 2 nzima. Rekodi sekunde 10, hatua inakuwa 0.1, vitaachana. Au fanya kama tulivyofanya zamani, kodolea spektra (hiyo grafu ya masafa) huku mwenzio anakata umeme: cha umeme kinapotea papo hapo, cha panga kinashuka taratibu pamoja na feni.

Na hiyo 0.5 usiipeleke kwenye ripoti hivyohivyo, kwa mashine kama hiyo tunasoma kasi ya mtetemo. Gawa kwa 155 (2π mara 24.67), inatoka kama milimita 3.2 kwa sekunde kileleni, RMS (kileleni gawa kwa mzizi wa 2) ni 2.3.

ngoja_kwanza
Swali moja, hiyo sensa ina kichujio cha kuzuia masafa ya juu kabla ya kuchukua sampuli? Kama haina, mtetemo wa 1,900 nao unajitokeza kwenye 100, 2,000 toa 1,900, na hakuna programu ya kuutoa baadae. Mi yalinikuta nikafungua mota nzima bure, nikaifunga tena huku wenzangu wananiangalia. Pima upya kwa sampuli 2,300, kilele cha kweli kinabaki palepale, cha uongo kinahamia 400.

pangaboi
Duh, hiyo ya kichujio sikuwaza hata kidogo, na nahisi haina. Leo usiku feni ikiwaka narekodi sekunde 10 mara mbili, 2,000 na 2,300, halafu nakata umeme. Narudi na grafu.