Tupeane uzoefu: Kuzaa kawaida baada ya kupasuliwa

Habari zenu wapendwa. Mimi nina makovu mawili. Mimba ya kwanza niliishia wiki ya 29, presha ikapanda, nikawa naona nyotanyota, wakasema kifafa cha mimba hicho kinakuja. Nikapasuliwa usiku huohuo. Wa pili naye kisu, kwa tarehe, hata uchungu sikuuonja. Sasa nina ya tatu, wiki ya 26, presha mpaka leo iko sawa, na daktari keshanitajia operesheni nyingine, na juu yake kufunga kizazi. Kuna aliyezaa kawaida baada ya kisu? Na waliojaribu ikashindikana waseme pia, sitaki shuhuda tamu tu.

Mama Zawadi: Mimi hapa. Wa kwanza alitanguliza makalio nikapasuliwa. Miaka minne baadaye wa pili kichwa chini, nikaruhusiwa kujaribu, ila hospitali ya rufaa tu, siyo zahanati. Nilifika leba njia imefunguka sentimita tano. Kwanza wakaniwekea sindano ya dripu mkononi, wakatoa damu ya kupima grupu, chumba cha upasuaji kikapewa taarifa. Mkunga hakuniacha. Uchungu ukipoa ananigusa juu ya kovu, "Hapa panauma?" Nikisema hapana, anaandika, anasikiliza mapigo ya mtoto. Maana yake kovu likiuma hata uchungu ukiwa umetulia, hiyo ni dalili mbaya. Uchungu wenyewe sitaki hata kuusimulia. Lakini jioni nilikwenda kuoga mwenyewe, na nilikohoa bila kushika tumbo! Waliopasuliwa wananielewa.

Chausiku_M: Mimi njia iligoma kwenye sentimita saba, alfajiri mpaka mchana. Mtoto kilo 4.1. Kisu tena. Kilichoniuma siyo kisu, ni nesi kuniambia "si ulijifanya jasiri." Ningeambiwa nirudie, ningejaribu tena.

Baba Watatu: Na sisi wa kwenye benchi la nje tunaruhusiwa kuchangia? Tafuteni watu wa kutoa damu mapema, na namba ya mwenye gari anayepokea simu saa nane usiku. Nimemaliza.

Mkunga Mstaafu: Mwanangu, usiangalie kovu la tumboni. Ngozi inaweza kukatwa kwa mlalo huku mfuko wa uzazi umekatwa wima, wewe utajuaje? Mkato wa ndani ndio unaoamua. Ukiwa na mmoja wa mlalo, sehemu ya chini, katika kila 100 wanaojaribu, 72 hadi 75 huzaa kawaida, na kovu huachia kwa takriban mmoja kati ya 200. Aliyewahi kuzaa kawaida ana nafasi nzuri zaidi. Mkato wa wima, usijaribu: kovu linaweza kuachia hata kabla uchungu haujaanza. Makovu mawili ya mlalo, wapo wanaoruhusiwa, lakini hospitali zetu nyingi watakupangia tarehe, na siwalaumu, maana saa tisa usiku mtu wa dawa ya usingizi anaweza kuwa yuko kwake kalala. Presha ya mimba iliyopita peke yake haikuzuii. Kwa hiyo tafuta faili la operesheni. Kadi ya kliniki haitoshi. Na zile dawa za uchungu za kuchemsha anazoleta mama mkwe, mwagia maua. Zinakaza kizazi bila kipimo.

Kovu Tatu: Pole, mimi yangu si nzuri. Mimba ya tatu kondo la nyuma lilikaa chini likajishika kwenye kovu. Wiki ya 33 nimeamka kanga imeloa damu, wala hakuna maumivu. Nikaongezewa damu chupa nne, kizazi kikatolewa. Mtoto yupo, mkorofi kweli. Kadiri visu vinavyoongezeka ndivyo hatari hii inavyokua. Ultrasaundi yako inasema kondo liko wapi? Uliza hivyohivyo: limegusa kovu au halijagusa?

Mleta mada: Nimerudi. Karani wa masjala kanizungusha weee, mwisho faili la kwanza likapatikana. Limeandikwa mkato wa wima, kwa sababu kwa wiki 29 sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi ilikuwa bado haijatanuka. Basi kwangu mjadala umefungwa. Daktari anataka mtoto atoke kati ya wiki ya 36 na 37, kabla uchungu haujanikuta, na nikisikia tumbo linakaza kabla ya hapo nisisubiri kukuche. Nimelia kidogo, nikala chipsi. Kovu Tatu, kondo liko juu, nyuma, ahsante kwa kunifumbua macho. La kufunga kizazi bado tunabishana na mzee. Waliopasuliwa mara tatu, mlianza kunyanyua vitu vizito baada ya muda gani? Nina wa miaka mitatu, hajui kutembea mbele ya watu, anataka mgongo tu.