Uzi: Naomba ushauri kuhusu makala ya mwanamke anayetaka makuu katika riwaya za Marekani

Mwanafasihi_07
Wakuu, salaam. Naandaa makala ya Kiswahili ya maneno 3,000 kwa jarida la wanafunzi wa fasihi. Mada ni namna jamii inavyomhukumu mwanamke anayetaka kupanda. Nimechagua The Awakening cha Kate Chopin (1899), Sister Carrie cha Theodore Dreiser (1900), viwili vya Edith Wharton, The House of Mirth (1905) na The Custom of the Country (1913), na Their Eyes Were Watching God cha Zora Neale Hurston (1937). Mhariri kanirudishia rasimu: nimesimulia vitabu, sijasema kitu.

Nibakishe vingapi? Nianzie wapi bila kumwaga hadithi nzima? Na hiki kitu cha kutaka kupanda nikiiteje? Kila nikiandika "tamaa" naona kama nimeshamhukumu mwenyewe.

Karani_wa_Zamani
Vitabu vitano kwa maneno 3,000 ni maneno 600 kila kimoja. Hapo hutoki kwenye muhtasari hata ujitahidi vipi. Bakisha viwili, Sister Carrie na The House of Mirth, uvisome kama daftari la duka.

Carrie kwanza. Agosti 1889, binti wa miaka 18 yuko kwenye treni ya Chicago na dola 4 mkobani. Anapata kazi kiwanda cha viatu, dola 4.50 kwa wiki. Dada yake anayeishi naye anachukua dola 4 za chakula na malazi. Zinabaki senti 50, na humo zitoke nauli na koti la baridi. Anaugua, kazi inaota mbawa. Ndipo Drouet, mchuuzi msafiri waliyejuana kwenye treni, anamkuta mtaani na kumtia mkononi noti 2 za dola 10. Sasa piga hesabu: dola 20 ni mabaki ya wiki 40. Iandike aya hiyo kwa utulivu, usiseme "maskini Carrie" wala "alijiuza". Ukiweka neno lolote kati ya hayo umeiua.

Mwisho wake Carrie ni mwigizaji wa dola 150 kwa wiki. Hurstwood, meneja wa baa aliyechota fedha kwenye kasha la mwajiri na kumlaghai Carrie hadi wakapanda treni pamoja, anajiua kwa gesi katika chumba cha kulala wageni mafukara. Mwanamke hakuadhibiwa, na hilo ndilo lililowachoma watu. Mchapishaji, Doubleday, Page, alitaka kujitoa kwenye makubaliano. Dreiser akakaza, kitabu kikatoka bila kupigiwa debe. Nakala zilizouzwa hazikufika 500.

Lily Bart, mhusika mkuu wa The House of Mirth, ni daftari la kinyume. Gus Trenor, mume wa rafiki yake, anamwambia anamzungushia akiba yake kidogo kwenye soko la hisa. Kumbe ni fedha za Trenor mwenyewe, karibu dola 9,000, na anadai alipwe kwa njia nyingine. Shangazi akifa anamwachia dola 10,000 tu. Toa deni, uone kinachobaki.

Bi_Shahidi
Karani kasema vizuri, ila fedha peke yake hazimhukumu mtu. Hukumu lazima ipite mdomoni mwa mtu. Chora jedwali la safu tatu: nani kaona, nani kasema, nani kafaidika. Safu ya tatu ndiyo wanafunzi huisahau.

Anza na sura ya kwanza ya The House of Mirth. Lily kanywa chai chumbani kwa Selden, mwanasheria rafiki yake, jengo linaitwa Benedick. Anatoka, mlangoni anakutana na tajiri Rosedale. Anasema alikuja kwa mshonaji wake. Jengo ni la Rosedale, naye anajua hakuna mshonaji mle. Chai ingesameheka; uongo ndio uliompa mtu kitu cha kushika.

Halafu shangazi. Habari za Lily zinamfikia kupitia Grace Stepney, na wosia unaposomwa, Grace Stepney ndiye anayerithi sehemu kubwa ya mali. Wharton analisimulia kwa utulivu, nawe usiweke alama ya mshangao.

Kisha Monte Carlo. Mwenye mambo yake ya pembeni ni Bertha Dorset, lakini yeye ndiye anayetangaza mbele ya meza nzima kwamba Lily harudi kwenye mashua ya akina Dorset, alikokuwa mgeni. Mezani hapo yumo Dabham, mwandishi wa habari za wakubwa. Wakati wote Lily anazo barua za Bertha kwa Selden ambazo zingemmaliza, na mwishowe anazitia motoni nyumbani kwa Selden. Safu ya tatu hapo ina jina lisilo la Lily.

Jina la kitabu limetoka Mhubiri 7:4, penye nyumba ya matanga na nyumba ya furaha. Msomaji wako neno matanga halihitaji tanbihi. Litumie.

Mwana_Kibaraza
Nawapinga wote wawili kidogo. Mkiishia Chicago na New York mtakuwa mmeandika juu ya wanawake weupe, kisha mseme "Marekani". Hurston asitoke.

Halafu huyo ndiye anayetufaa kwa lugha. Kitabu kinaanza machweo, watu wamekaa vibarazani Eatonville, mji wa kweli wa Weusi huko Florida, uliosajiliwa 1887, alikokulia Hurston. Mchana kutwa wametumikishwa. Jua likizama wanageuka mahakimu. Janie, mhusika mkuu, anapita na ovaroli, nywele zimeshuka mgongoni. Wanauliza liko wapi gauni la satini la buluu aliloondoka nalo. Gauni, nywele, umri wake na wa mwanamume aliyeondoka naye: mashtaka yote yamekamilika kabla hajafungua mdomo. Anawasalimu, anapita. Hadithi yake anampa rafiki yake Pheoby peke yake, nyuma ya nyumba.

Ila chunga: Janie hakimbizi fedha. Nyumba anayo, za benki anazo. Mwenye kutaka makuu ni mumewe wa pili, Joe Starks, meya mwenye duka na posta, aliyemfunga kitambaa kichwani na kumkataza mazungumzo ya kibarazani. Anachotaka Janie ni zamu yake ya kusema. Ukimbandika kapu moja na Lily bila kueleza tofauti hiyo, mhariri atakurudishia tena.

Karani_wa_Zamani
Sawa, Janie aingie. Carrie abaki aya moja, ile ya senti 50. Naumia, lakini sawa.

Mpenda_Kamusi
Kuhusu neno. "Tamaa" usiitupe, igawie wenyewe. Unaponukuu wahukumu, waachie "tamaa", "makuu", "kujikweza". Unaposema wewe, tumia "ari" au "nia ya kupanda". Msomaji atasikia nani anaongea. Undine Spragg wa The Custom of the Country ningempa "uchu", maana Wharton mwenyewe hamhurumii: ndoa nne kwa wanaume watatu, na bado mwisho ananuna kwa sababu mwanamke aliyetalikiwa hawezi kuwa mke wa balozi. Mtaje kwa sentensi mbili, basi.

Kabla hujatuma, tafuta "tamaa" kwenye rasimu nzima na uandike pembeni umemwambia nani. Mwizi wa kasha yumo?

Jingine: kwa The Awakening usirudie kwamba maktaba ya St. Louis ilikipiga marufuku. Limenakiliwa sana na ushahidi wake haupo. Wahakiki walikishambulia vikali, hilo ni kweli, na linatosha.

Mwanafasihi_07
Shukrani wakuu. Nakwenda na Lily na Janie, maneno 1,200 kila mmoja, senti 50 za Carrie ziwe utangulizi. Nimetafuta neno sasa hivi. "Tamaa" imetokea mara 14: Undine 6, Carrie 5, Lily 3. Hurstwood nimemwita "aliyeteleza".

Mpenda_Kamusi
Aya ya kwanza hiyo umeshaipata.