Mbao za nje zifungiwe mpakani?

Seremala wa Jomvu
Kuna wanaodai lori za mbao kutoka Tanzania zizuiwe pale mpakani Lunga Lunga ili mbao zetu za Kenya zipate soko. Mbao zetu zipi? Serikali imejipangia nyumba 200,000 kila mwaka, mishahara inakatwa asilimia 1.5 kwa ajili hiyo, na sisi mafundi wa jua kali tumeahidiwa kazi ya milango. Sawa, nashukuru. Lakini saiprasi inayopandwa leo yataka miaka 25 hadi 30 ndipo ipasuliwe. Lori la Mufindi, kule Tanzania, likizuiwa, mimi nirande nini? Upepo? Semeni.

Mlipakodi
Kaka, unazitetea kwa sababu ndizo unazouza. Mimi nimeezeka nazo Mikindani, mwaka haujaisha paa linacheza chakacha. Mbao zimepinda zote. Na aliyetufikisha hapa ni Uhuru Kenyatta na marufuku yake ya 2017 ya kukata miti.

Karani Mstaafu
Ni 2018, bwana, mwezi wa Februari. Na aliyeitangaza ni Naibu wa Rais, William Ruto. Siku 90 tu, tukaambiwa. Zikaongezwa, zikaongezwa tena, hadi Julai 2023 Ruto yule yule, sasa Rais, akatangaza kule Molo kwamba imeondolewa. Chama cha Mawakili kikakimbilia mahakamani, mahakama ikausimamisha uondoaji huo. Katika vuta nikuvute hiyo, watu walikuwa wanajenga, na pengo likajazwa na Tanzania na Uganda.

Mlipakodi
Sikuuliza tarehe, mzee. Nimesema paa limepinda.

Seremala wa Jomvu
Limepinda kwa sababu mti ulikatwa mchanga. Wakulima wadogo wa Njombe na Iringa wengine hukata paini kabla haijakomaa, shida za nyumbani hazingoji. Ile iliyokomaa, ya mashamba makubwa kama Sao Hill, ukiipanga kivulini ikakauka vizuri, haina neno. Fundi wako hakukwambia uziache zikauke kwanza?

Mlipakodi
Alisema. Mvua ilikuwa inakuja.

Seremala wa Jomvu
Haya basi.

Binti Kibokoni
Mwajisumbua bure. Babu zetu hapa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, hawakungojea lori la Iringa. Boriti za mikoko kutoka Lamu, mawe ya matumbawe, chokaa, na nyumba zasimama hadi leo. Nyinyi na paini zenu mchwa wawangoja mlangoni.

Mlipakodi
Zinasimama, dada, sikatai. Lakini vyumba vyake ni kama korido ya hospitali. Ukiingiza kitanda, wewe utoke.

Binti Kibokoni
Korido? Nyanya yangu amelea ukoo mzima kwenye hiyo korido, na kulikuwa na nafasi ya wageni. Watu wa juzi mkishapata ploti Mikindani mwaona mji wote ni wenu.

Mlipakodi
"Watu wa juzi" ni nani? Nimezaliwa Tudor mimi! Hii ndiyo tabia yenu, mtu akigusa nyumba mnagusa kabila.

Kapteni Likoni
Yakhe, poleni nyote. Wala si matusi: boriti ya mkoko ni fupi, haifiki mita tatu kwa kawaida, na chumba kinafuata urefu wa boriti. Ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba. Mwashi angefanyaje, aunge hewani?

Karani Mstaafu
Na tusidanganyane kuhusu babu. Ile milango ya nakshi inayopigwa picha na watalii, mingi ni msaji uliokuja kwa jahazi kutoka upande wa India. Mbao za nje zimeanza zamani mji huu. Sisi tulikuwa tunapeleka boriti Ghuba, mpaka serikali ilipozuia kuuza mikoko nje mwaka 1982.

Binti Kibokoni
Mzee wangu, kwa heshima, sikusema mlango. Nimesema boriti.

Seremala wa Jomvu
Jamani, swali langu lilikuwa mpaka. Mkoko hauwezi kujenga gorofa nane, hata tukiumaliza wote. Mvinje wa Kwale na Kilifi angalau unakua upesi, tunautumia kushikilia slabu. Lakini hautoi ubao wa mlango.

Mlipakodi
Mbao zife zote. Kabati nililoagiza kutoka China halina mchwa wala halipindi.

Karani Mstaafu
Hilo nalo, tangu Julai 2022 fanicha kutoka nje ya Afrika Mashariki inatozwa ushuru wa asilimia 35. Mbao za Tanzania, zikiwa na cheti cha uasili, yaani cha kuthibitisha zimetoka huko, hupita bila ushuru wa forodha. Seremala analindwa dhidi ya kabati la China huku akinunua mbao za jirani bila ushuru huo. Sasa mnataka afungiwe hapo hapo anapopumulia?

Seremala wa Jomvu
Asante, mzee. Ndicho nilichokuwa nataka kusema tangu asubuhi.

Kapteni Likoni
Mlipakodi, kabati hilo ni la unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi? Na uko Mombasa, na mvua ya Mei inakuja?

Binti Kibokoni
Muache, Kapteni. Litavimba lijae chumba, atoke yeye.

Mlipakodi
Nyanya yako alikuwa na kabati?

Binti Kibokoni
Alikuwa na zidaka, vishimo vya kuwekea vitu ukutani. Hazivimbi. Njoo Kibokoni uone, na hilo kabati lako tuwekee picha yake mwezi wa Juni.