Tupeane uzoefu: wakulima wa simu wa Nairobi, mtama wenu ulitoka aje?

Mtu wa Kasarani: Wadau, shamba iko Kitui kwa wazazi, mimi niko huku natuma pesa tu. Nilipanda Gadam, ile mbegu ya mtama mweupe, ekari mbili, mvua haikuwa mbaya, nikatoa magunia matano na mnunuzi akakataa mawili ati yana mchanga. Nyi mlikosea wapi? Hakuna kuchekana.

Mama Wote: Mchanga ni kuanika na kupigia chini, pole. Mimi nilikatwa bei mara mbili ndio nikanunua turubai. Unyevu uwe asilimia 13 kushuka, na kama huna mita fanya kama shosho, uma punje, ikilia ka! imekauka, ikibonyea rudisha juani.

Buda wa Rongai: Mimi ni kupunguza miche. Mbegu ilimwagwa kwa mfereji wa plau ikaota kama nyasi, nampigia mjomba ang'oe ananiambia yeye hang'oi chakula. Ilibidi nipande gari Jumamosi nikang'oe mwenyewe, mche uko wiki ya tatu, udongo bado una maji, sentimita 75 kati ya mistari na 20 kati ya miche, giza likanikuta nusu ya shamba. Wacha tuvune sasa! Upande niliofanya vichwa kama ngumi, ule mwingine kama kidole. Mjomba mpaka leo hataki hiyo stori.

Nyamakima Cereals: Na ndege je? Gadam haina uchungu, punje zikiwa bado laini zina maziwa, ndege wa kwelea wanashuka kama wingu. Seredo ya kahawia hawaikimbilii sana, lakini wanunuzi wa kutengeneza bia wanataka nyeupe. Pandeni siku moja na majirani, ukikomaa peke yako umewafungulia hoteli.

Jaduong: Huku Siaya ni kayongo, lile gugu linalonyonya mizizi ya mtama. Ukiona maua ya zambarau ishanyonya kitambo, ng'oa tu kabla imwage mbegu, hizo hulala udongoni miaka 10 na zaidi.

Mama Wote: Kasarani hujatuambia ulipanda lini. Ukichelewa, inzi wa mtama anaingia mche mdogo, jani la katikati linakauka, ukivuta linatoka limeoza chini.

Mtu wa Kasarani: Hilo jani baba alinitumia picha nikamwambia ni jua. Majirani walipanda Oktoba kabla ya mvua, mimi Novemba katikati. Nilikuwa nangoja mshahara.